Nguvu Dhaifu: Kutoka Majivu ya Olduvai hadi Dakika za Kwanza za Ulimwengu

Bonde la Mang'ola, lililotandaa baina ya miteremko ya mlima Oldeani na ufuko wa Ziwa Eyasi katika wilaya ya Karatu, limepata sifa katika Afrika Mashariki kwa vitunguu vyake, ambavyo hustawi kwa maji ya chemchemi zitokazo chini ya milima, na ambavyo vikishavunwa hujazwa katika magunia na kupakiwa katika malori yaendayo Arusha, Nairobi na miji mingine, bila ya mpakiaji wala mnunuzi kudhani kwamba ndani ya kila kitunguu pana kazi iendeleayo usiku na mchana, ambayo wanazuoni wa fizikia wameitumia kujibu baadhi ya maswali makubwa kabisa ambayo binadamu amepata kujiuliza juu ya asili ya ulimwengu. Kazi hiyo ni ya potasiamu. Kitunguu cha gramu 100 kina potasiamu kiasi cha miligramu 150 hivi, na katika kila atomu elfu kumi za potasiamu, moja tu au zaidi kidogo ni ya jinsi iitwayo potasiamu 40, ambayo haikukadiriwa kudumu milele. Kila sekunde ipitayo, atomu nne au tano za jinsi hiyo katika kitunguu kimoja hugeuka kuwa kitu kingine; na katika mwili wa mtu mzima, ambao nao una potasiamu yake, hugeuka zaidi ya 4,000 kila sekunde. Hapana hofu katika jambo hili, kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa kwa kila kiumbe hai tangu uhai ulipoanza juu ya ardhi.

Kinachozigeuza atomu hizo ni nguvu moja ya maumbile ambayo watu wengi hawajapata kuisikia. Maada yote tuijuayo hutawaliwa na nguvu nne. Ya kwanza ni mvutano, uangushao tunda na kuuzuia mwezi usituache. Ya pili ni nguvu ya umeme na sumaku, ambayo huunganisha atomu na kuleta nuru. Ya tatu ni nguvu kuu, ifungayo protoni na nyutroni ndani ya kiini cha atomu. Na ya nne, ambayo ndiyo maudhui ya makala haya, huitwa nguvu dhaifu. Nguvu hii haivuti mzigo wala haisukumi tanga. Kazi yake ni kubadili tabia ya chembe: huifanya nyutroni kuwa protoni, au protoni kuwa nyutroni, na kila ifanyapo hivyo hutokea chembe nyepesi mno iitwayo nyutrino, au ndugu yake wa kinyume, ambayo huondoka isionekane. Udhaifu wake ni mkubwa mno. Ukichukua fungu la atomu za potasiamu 40 leo, nusu yake itakuwa ingali salama baada ya miaka bilioni 1.25. Nyutrino nazo, kwa kuwa haziguswi na nguvu yoyote ila hii na mvutano, hutoka katika jua na kufika kwetu kwa wingi wa bilioni 65 hivi katika kila sentimeta moja ya mraba kwa kila sekunde, zikapenya kitunguu, na mkulima, na mwamba ulio chini yake, hata zikatokea upande wa pili wa dunia, na takriban zote pasipo kugusa kitu.

Wenyeji wa Karatu na Ngorongoro wana haki ya kujua kwamba ni katika nchi yao nguvu hii ilipotoa mojawapo ya ushahidi wake mashuhuri. Tarehe 17 Julai 1959, katika bonde la Olduvai, Mary Leakey aligundua fuvu la kale sana lililopewa jina la Zinjanthropus. Mumewe, Louis Leakey, alikisia kwamba umri wake ulikuwa miaka 600,000 hivi, na hata makisio hayo yaliwashangaza wengi. Lakini fuvu lile lilikuwa limezikwa karibu na tabaka za majivu ya volkano, na majivu ya volkano yana potasiamu. Mwamba uwapo umeyeyuka kwa moto, gesi iitwayo agoni hutoroka humo yote. Ukipoa na kuganda, mlango hufungwa, na kutoka siku hiyo atomu za potasiamu 40 zigeukazo, kiasi cha moja katika kila tisa, huwa agoni, nayo hukaa humo ikiwa mfungwa, ilhali zilizobaki huwa kalisi. Basi apimaye agoni na potasiamu katika chembechembe za majivu huweza kuhesabu miaka tangu volkano ilipolipuka. Mwaka 1961, Louis Leakey pamoja na Jack Evernden na Garniss Curtis wa Chuo Kikuu cha California walitangaza kwamba tabaka lile lilikuwa na umri wa miaka milioni 1.75, yaani karibu mara tatu ya makisio, na tangu siku hiyo historia ya binadamu ikabidi iandikwe upya.

Mang'ola yenyewe nayo haikukosa fungu lake. Karibu na ufuko wa Eyasi lipo pango la Mumba, ambalo Margit na Ludwig Kohl-Larsen kutoka Ujerumani walilichimba katika miaka ya 1930, na ambalo wachimbuzi wa baadaye wamelirudia mara kwa mara kwa ajili ya zana za mawe na shanga za kale zilizomo. Huko umri hupimwa kwa punje za mchanga. Punje ikifukiwa isione jua, mionzi itokayo katika potasiamu, urani na thori za udongo unaoizunguka huziondoa elektroni mahali pake na kuziacha zimenaswa katika kasoro ndogo za punje hiyo. Nayo ikiangaziwa baadaye katika chumba chenye giza, elektroni hizo huachiliwa na kutoa mwanga mdogo, ambao kiasi chake hueleza ni muda gani umepita tangu jua lilipoigusa mara ya mwisho. Kwa njia hiyo baadhi ya tabaka za Mumba zimepata kujulikana kuwa na umri wa miaka 50,000 na zaidi.

Sasa na tuulize: ikiwa nguvu dhaifu yaweza kutuambia umri wa fuvu, je, yaweza pia kutuambia hali ya ulimwengu wenyewe ulipokuwa bado mchanga? Jibu ni ndiyo, na jinsi ilivyo ndiyo ni jambo la kustaajabisha. Kwa kuwa galaksi zote za mbali zinatukimbia, kama Edwin Hubble alivyobainisha mwaka 1929, na kwa kuwa anga lote limejaa masalio ya nuru ya kale, ambayo Arno Penzias na Robert Wilson waliyanasa kwa antena yao na kuyatangaza mwaka 1965, wanazuoni wa falaki wanakubaliana kwamba ulimwengu ulianza katika hali ya joto na msongamano usioelezeka, miaka bilioni 13.8 hivi iliyopita. Sekunde moja baada ya mwanzo huo, joto lilikuwa kiasi cha nyuzi bilioni 10, na hapakuwa na nyota, wala mwamba, wala hata atomu moja. Palikuwa na protoni, nyutroni, elektroni, nyutrino na nuru, vyote vikigongana katika halaiki moja.

Kabla ya kufikia sekunde hiyo, nguvu dhaifu ilikuwa ikizigeuza nyutroni kuwa protoni na protoni kuwa nyutroni kwa wepesi, na kwa sababu nyutroni ni nzito kuliko mwenzake kwa kiasi kidogo sana, joto lilipopungua zikazidi kuwa chache. Lakini ulimwengu ulikuwa unatanuka kwa haraka kubwa, na nguvu iliyo dhaifu haiwezi kwenda sambamba na haraka hiyo daima. Ilipofika sekunde ya kwanza hivi, ikashindwa. Mageuzi yakakoma, na hesabu ikabaki takriban nyutroni moja kwa kila protoni sita. Katika dakika chache zilizofuata baadhi ya nyutroni zikavunjika zenyewe, hata hesabu ikawa moja kwa saba, na hapo joto likawa limeshuka kiasi cha kuiruhusu nguvu kuu kuzifunga pamoja zisivunjike tena. Msomaji na achukue kalamu ahesabu nasi. Nyutroni 2 na protoni 14 ni chembe 16 kwa jumla. Nyutroni zote mbili zitajifunga na protoni mbili zikawa kiini kimoja cha heliamu, chenye uzito wa 4, na protoni 12 zitabaki pweke, zikiwa ni haidrojeni. Nne katika kumi na sita ni robo. Na wapimaji wa falaki wanapoichunguza gesi ile ambayo haijachafuliwa sana na moshi wa nyota, huikuta heliamu ikiwa ni robo ya uzito wake.

Sijui hoja nyingine katika elimu ya falaki ipendezayo kuliko hii, wala ithibitishayo kwa uwazi zaidi kwamba sheria tuzipatazo katika maabara leo ndizo zilizotawala wakati ambapo hapakuwa na jicho la kuziona. George Gamow na mwanafunzi wake Ralph Alpher waliifungua njia hiyo mwaka 1948, na katika miaka ya 1960 Fred Hoyle, Roger Tayler na James Peebles wakaifanyia hesabu timilifu zaidi. Nasi tuna deni kwa udhaifu wa nguvu hii kwa namna ya pekee. Lau ingalikuwa dhaifu zaidi kuliko ilivyo, ingalishindwa mapema zaidi, nyutroni zingalikaribia kulingana na protoni kwa idadi, na karibu maada yote ingaligeuka heliamu. Haidrojeni isingalibaki ya kutosha, na pasipo haidrojeni hapana maji, hapana jua la kudumu mabilioni ya miaka, wala hapana chemchemi ya Mang'ola wala wa kuinywa.

Hesabu hiyo ya heliamu ilifanya na kazi nyingine ambayo iliwapa heshima wanafalaki mbele ya wenzao wa maabara. Kama zingekuwako jinsi nyingi za nyutrino, ulimwengu mchanga ungalitanuka kwa haraka zaidi, nguvu dhaifu ingalisimama mapema, na heliamu ingalizidi robo. Kwa hoja hiyo Gary Steigman, David Schramm na James Gunn walianza mwaka 1977 kuweka mpaka wa idadi ya jinsi za nyutrino, na katika miaka iliyofuata mpaka huo ukakazwa, ikasemwa kwamba haziwezi kuzidi nne. Mwaka 1989 mtambo mpya wa maabara ya CERN, uliojengwa katika handaki la mviringo lenye kilometa 27 mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, ulizihesabu moja kwa moja kwa kuzigonganisha elektroni na positroni, na jibu likawa jinsi tatu. Waliotazama nyota na waliogonganisha chembe walikutana mahali pamoja bila ya mmoja kumwongoza mwenziwe.

Walakini isidhaniwe kwamba dakika hizo za kwanza hazina siri tena. Nyutroni iliyo nje ya kiini huishi kwa wastani wa dakika kumi na tano hivi. Lakini zikipimwa zikiwa zimehifadhiwa katika chombo, umri hutokea kuwa sekunde 878, na zikipimwa zikipita katika mkondo, hutokea kuwa sekunde 888 hivi. Tofauti ya sekunde kumi yaweza kuonekana kuwa ni upuuzi, ila vipimo vyenyewe vina usahihi mkubwa kiasi kwamba tofauti hiyo haina udhuru, na hesabu ya heliamu hutegemea umri huo. Zaidi ya hayo, hesabu ile ile iliyofaulu katika heliamu hutoa lithiamu mara tatu ya ile iliyopatikana juu ya nyota kongwe za galaksi yetu. Wako wasemao kwamba chembe isiyojulikana iliingilia kati katika dakika zile. Wako wasemao kwamba nyota zenyewe zimeiteketeza lithiamu yao. Binafsi naelekea kwa hawa wa pili, maana lithiamu ni dhaifu mbele ya joto na huunguzwa ndani ya nyota kwa nyuzi milioni mbili na nusu tu, lakini hukumu bado haijatolewa.

Liko swali lililo zito kuliko haya. Kila chembe ya maada ina kinyume chake: Paul Dirac aliashiria jambo hilo kwa hesabu mwaka 1928, na Carl Anderson akaiona positroni, iliyo kinyume cha elektroni, mwaka 1932. Chembe na kinyume chake zikikutana huangamizana, kikabaki kimuli cha nuru kali. Ulimwengu mchanga, kwa kadiri hesabu zionyeshavyo, ulikuwa na chembe na vinyume karibu sawasawa. Vikaangamizana, na kwa kila jozi bilioni moja ikasalia chembe moja tu ya maada. Masalio hayo ndiyo nyota zote, na bahari zote, na sisi sote. Kwa nini ikasalia hiyo moja? Au yawezekana kwamba vinyume navyo vimesalia mahali fulani, na kwamba baadhi ya galaksi tuzionazo zimefanywa kwa maada ya kinyume?

Sehemu ya jibu la swali hilo la mwisho ilipatikana kwa chombo kilichoruka kutoka pwani yetu. Baharini mbele ya Ngomeni, kaskazini ya Malindi, Waitalia wakiongozwa na Profesa Luigi Broglio walisimamisha katika miaka ya 1960 majukwaa ya chuma yaliyopewa jina la San Marco, na tangu mwaka 1967 wakawa wakirusha humo maroketi yapelekayo satelaiti. Mahali hapo palichaguliwa kwa hekima: karibu na ikweta mzunguko wa dunia huisaidia roketi, na satelaiti izungukayo juu ya ikweta huepukana na mikanda ya chembe zenye umeme zilizonaswa na usumaku wa dunia, ambazo zingevipofusha vipimo vyake. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya kujitawala, ilirushwa kutoka hapo satelaiti ya kwanza duniani iliyotengwa mahsusi kwa kutazama miali ya eksirei itokayo angani, na Marjorie Townsend, mwanamke wa Marekani aliyeisimamia kazi hiyo, akaipa jina la Uhuru kwa heshima ya siku ile na nchi ile. Tarehe 15 Novemba 1972 ikafuata SAS-2, na tarehe 15 Oktoba 1974 ikaruka Ariel 5 ya Waingereza. Inanisikitisha kwamba watoto wengi wa Kiswahili hujifunza majina ya vyombo vya mataifa mengine, na hawajui kwamba mojawapo ya vyombo vilivyobadili elimu ya falaki kina jina la lugha yao na kiliruka kutoka bahari yao.

SAS-2 ilikuwa, kwa hakika, chombo cha maabara ya chembe kilichopelekwa angani. Ndani yake mlipangwa mabamba membamba ya chuma kizito na nyavu za waya. Mwale wa gama ulioingia uligeuka kuwa elektroni na positroni, yaani maada na kinyume chake, na njia za chembe hizo mbili zikaandikwa kwa cheche za umeme, hata ikajulikana mwale umetoka upande gani. Kwa miezi saba hivi, mpaka mwezi Juni 1973 umeme wake ulipoharibika, chombo hicho kilipima mng'ao hafifu wa miali ya gama uliotapakaa angani kote. Lau nusu ya galaksi zingekuwa za kinyume, basi kila mahali ambapo gesi ya upande mmoja hukutana na ya upande wa pili pangewaka moto wa maangamizi, na miali yake ingeonekana katika vipimo hivyo kwa wingi mno. Haikuonekana kwa wingi huo. Kwa ushahidi wa namna hii wanazuoni wameafikiana kwamba, kwa kadiri macho yetu yafikavyo, ulimwengu umebaki na maada peke yake.

Swali la kwa nini limebaki, nalo hutuelekeza tena kwenye nguvu ile ile. Mwaka 1967 Andrei Sakharov wa Urusi aliandika kwamba ili maada ishinde ni lazima pawe na tofauti ya kweli baina ya sheria za chembe na sheria za kinyume chake. Chien-Shiung Wu, bibi wa Kichina aliyefanya kazi Marekani, alikuwa amekwisha kuonyesha mwaka 1957, kwa atomu za kobalti zilizopozwa sana, kwamba nguvu dhaifu hutofautisha mkono wa kushoto na wa kulia, jambo ambalo hakuna nguvu nyingine ifanyalo. Na mwaka 1964 James Cronin na Val Fitch wakaona kwamba hubagua hata baina ya maada na kinyume chake. Kwa hiyo mlango upo. Ila upana wa mlango huo, kwa vipimo tulivyo navyo, hautoshi hata kidogo kupitisha maada yote tuionayo, na ndiyo sababu Marekani na Ujapani zinajenga mitambo mikubwa ya kupima kama nyutrino na kinyume chake hutofautiana katika mwendo wao. Wengi wana matumaini kwamba jibu limo humo.

Turudi kwenye Uhuru na Ariel 5, maana ndizo zilizotuongoza katika giza jingine. Uhuru iliorodhesha vyanzo 339 vya eksirei, na miongoni mwavyo yalikuwa makundi makubwa ya galaksi, ambayo kila moja lina mamia au maelfu ya galaksi. Eksirei zake hazikutoka katika galaksi moja moja, bali katika nafasi iliyo baina yao. Ikafahamika kwamba nafasi hiyo imejaa gesi yenye joto la makumi ya mamilioni ya nyuzi, na kwamba gesi hiyo ina uzito kupita nyota zote za kundi. Mwaka 1976 vipimo vya Ariel 5 vilionyesha katika gesi ya kundi la Perseus alama ya chuma. Chuma hakikuzaliwa katika dakika za kwanza. Huzaliwa ndani ya nyota na hutawanywa zinapolipuka. Kwa hiyo chuma kile cha Perseus, na chuma chakavu ambacho wahunzi wa Kidatoga wa Mang'ola hukifua kuwa vigumba vya mishale na kubadilishana na Wahadzabe kwa asali na nyama, vina asili ya namna moja.

Lakini gesi yenye joto kama lile ina mwendo mkali, nayo haina budi kutoroka isipokuwa pawe na mvutano wa kuizuia, na mvutano wa nyota pamoja na wa gesi yenyewe hautoshi. Fritz Zwicky alikuwa amekwisha kulitambua jambo hilo tangu mwaka 1933 alipoitazama mienendo ya galaksi za kundi la Coma, ijapokuwa wachache walimsikiliza. Mtu asimamaye kilimani usiku, akasikia kengele za ng'ombe wa Mdatoga zikilia mahali pamoja mpaka alfajiri zisitawanyike, hana haja ya kuuona ua wa miiba ili ajue kwamba upo. Na wanafalaki vivyo hivyo wamejua kwamba iko maada isiyotoa nuru, wakaiita maada ya giza. Vipimo vya leo huipa asilimia 27 hivi ya vyote vilivyomo ulimwenguni, na maada yetu sisi, ya nyota na ya vitunguu, asilimia 5 tu. Zaidi ya theluthi mbili zilizobaki huitwa nishati ya giza, iliyogunduliwa mwaka 1998, ambayo husukuma galaksi zikimbiane kwa haraka izidiyo. Juu ya hiyo fizikia ya chembe haijapata la kusema lenye manufaa, kwani hesabu yake ya kwanza hukosea kwa tarakimu 1 ikifuatwa na sifuri 120, na kwa kosa la kiasi hicho ni afadhali tukiri kwamba hatujalifahamu jambo lenyewe.

Maada ya giza ni nini, basi? Nyutrino zilidhaniwa kwanza, na dhana ilikuwa nzuri, kwa kuwa zipo kwa wingi usio na kiasi. Walakini majaribio ya Ujapani ya mwaka 1998 yalithibitisha kwamba zina uzito, na majaribio ya Ujerumani yamethibitisha kwamba uzito huo haufikii sehemu moja ya milioni ya uzito wa elektroni. Ni nyepesi mno, na mbio zake zingezizuia galaksi zisijikusanye. Ikaja dhana ya pili, ambayo uzuri wake umewashika wanazuoni kwa zaidi ya miaka arobaini: kama ingekuwako chembe nzito, isiyogusana na nyingine ila kwa kadiri ya nguvu dhaifu, basi kiasi ambacho kingesalia baada ya maangamizi ya mwanzo kingelingana takriban na maada ya giza tuipimayo. Kwa ajili ya chembe hiyo pamewekwa tani 10 za zenoni iliyoyeyuka katika mgodi wa zamani wa dhahabu huko South Dakota, kilometa moja na nusu chini ya ardhi ili mionzi ya angani isifike. Kwa ajili yake darubini za H.E.S.S. huko Namibia hutazama katikati ya galaksi yetu zikitafuta miali ya gama. Na kwa ajili yake protoni hugonganishwa CERN, pale pale ilipopatikana chembe ya Higgs mwaka 2012. Mpaka sasa haijaonekana. Tangazo la South Dakota la mwaka 2024 lilikuwa la kutokuona, na mimi nasema kwamba tangazo kama hilo lina thamani ya elimu kamili, maana limefuta sehemu kubwa ya mahali ambapo chembe hiyo ingeweza kujificha, na kuwalazimu watafutaji kufikiri upya.

Wala elimu hii si ya nchi tajiri peke yake. Aliyeshirikiana na Steven Weinberg na Sheldon Glashow kuonyesha kwamba nguvu dhaifu na nguvu ya umeme ni matawi ya shina moja, wakatuzwa Nobel pamoja mwaka 1979, alikuwa Abdus Salam, mtoto wa mji mdogo wa Jhang katika Punjab. Yeye alijua uchungu wa mwanachuoni aliye mbali na vitabu na wenzake, na kwa sababu hiyo alianzisha mwaka 1964 huko Trieste, Italia, kituo cha kimataifa cha kuwapokea wanafizikia wa nchi maskini. Kituo hicho kina ndugu yake katika Afrika Mashariki: tangu mwaka 2018, katika Chuo Kikuu cha Rwanda mjini Kigali, ipo taasisi ya utafiti wa fizikia ya msingi iliyoanzishwa kwa ushirikiano na Trieste, ambayo hufundisha shahada za juu, na fizikia ya chembe pamoja na elimu ya asili ya ulimwengu ni miongoni mwa masomo yake.

Kwa hiyo nina maombi mawili. Wanaotunga vitabu vya fizikia vya sekondari katika Tanzania na Kenya na waitie humo Uhuru ya mwaka 1970, pamoja na kipimo cha Olduvai cha mwaka 1961, kwa kuwa mwanafunzi wa Karatu ataifahamu nguvu dhaifu upesi zaidi akionyeshwa kwamba imefanya kazi karibu na kwao. Na mzazi wa Barazani kule Mang'ola au wa kijiji kingine chochote, ambaye binti yake au mwanawe anapenda hesabu na anauliza maswali ya nyota, asimwambie kwamba elimu hiyo ni ya watu wa mbali. Na amsomeshe kwa bei ya vitunguu kadiri awezavyo, na akimaliza shahada ya kwanza, waandike maombi Kigali.